Kaseti ya Mama Noela na CD Niliyoichoma

Mwanangu, kuna mchana mmoja ambao bado naukumbuka vizuri kuliko mambo mengi ya juzi na jana. Ni ule mchana Mzee Gervas alipoingia sebuleni kwetu, pale Ilembo, Mpanda, ameshika kaseti aliyoifunga kwenye leso, akaniuliza kama ni kweli mashine ya kaka yangu inaweza kuitoa sauti ya mtu kwenye kaseti na kuihamishia kwenye CD.

Nikamjibu inaweza. Sikuwa na uhakika, lakini nilikuwa na hamu kubwa ya kujua.

Miaka ile nilikuwa msichana niliyemaliza shule, nimekaa nyumbani nasubiri kuitwa chuoni. Kaka yangu Leonard alikuwa anafanya kazi Tabora. Alipokuja likizo alishuka kwenye treni na kompyuta, ile ya zamani yenye kioo kilichobeba mgongo mkubwa, ameizungushia godoro isivunjike njiani. Akanionyesha kuwasha na kuzima, akanikataza kugusa mengine, akarudi kazini. Wewe unanijua. Mtu akinikataza kugusa kitu bila kuniambia kwa nini, siwezi kukaa nikatulia mpaka nijue. Basi kila siku nikimaliza kazi za nyumbani nilikuwa mbele ya kile kioo, nabofya hapa, nafungua pale. Mama yangu, ambaye alikuwa anashona cherehani barazani, alikuwa akiniita mara tatu ndipo namsikia.

Mzee Gervas alikuwa jirani yetu, mtu wa Mpimbwe, mkulima wa mpunga. Yeye na mkewe walihamia mjini uzeeni kwa sababu mkewe alikuwa anaumwa na walitaka kuwa karibu na hospitali, lakini shamba lao kule Usevya hawakuliacha. Mkewe tulimwita Mama Noela, kwa jina la binti yao. Alikuwa amefariki mwaka mmoja kabla ya siku ninayokusimulia. Kabla mama yake hajaanza kuumwa sana, Noela alikuja likizo akamrekodi akiimba jikoni, kwenye redio ya kaseti. Nyimbo za kuvuna, nyimbo za kubembeleza watoto, zote kwa Kipimbwe.

"Redio yangu inatafuna kanda," Mzee Gervas aliniambia siku ile. "Sasa mwanangu wa Dar amenitumia redio mpya, lakini haina pa kuweka kaseti. Inataka haya masahani tu."

"Nitaichoma CD, mzee. Usiwe na wasiwasi."

Akaivuta kaseti yake kifuani. "Unasema utaichoma?"

"Ndivyo tunavyosema, mzee. Kuchoma CD."

"Kwa moto?"

"Hapana. Ndani ya mashine kuna mwanga mdogo sana, ndio unaoandika sauti kwenye CD. Kaseti yenyewe haichomwi, inabaki ilivyo."

Mama yangu alikuwa anacheka kule barazani, kichwa ameinamisha kwenye kitambaa. Mzee Gervas hakucheka. Aliniangalia kidogo, kisha akanikabidhi leso na kaseti yake ndani. "Basi sawa," akasema. "Nina hiyo tu. Sina sauti yake nyingine."

Kesho yake akaenda Usevya kuvuna, akaniacha na kazi.

Mwanangu, nikikueleza jinsi nilivyoifurahia kazi ile utanishangaa. Kwanza ilinibidi nitafute waya wa kutoka kwenye tundu la spika la redio yetu mpaka kwenye tundu la nyuma ya kompyuta. Nikaupata kwa fundi redio wa sokoni. Nilidhani kaseti itanyonywa mara moja kama unavyohamisha faili. Kumbe la. Kama nyimbo ni za nusu saa, unaiacha kaseti iimbe nusu saa nzima, na kompyuta inasikiliza taratibu pamoja na wewe. Pale kwenye kioo sauti ilikuwa inachorwa kama mstari wa vilima. Mama Noela akipandisha sauti, kilima kinapanda. Akivuta pumzi, panakuwa tambarare. Nilikaa naangalia vile vilima kama mtoto anayeangalia treni.

Nilipomaliza nikaichukua faili ile, nikainakili kwenye CD tupu, nikakimbia nayo kwa jirani mwenye redio ya CD. Redio ikaizungusha, ikaizungusha, ikagoma. Nikarudi nyumbani nimechanganyikiwa, maana kwenye kompyuta CD ileile ilikuwa inaimba vizuri. Ilinichukua siku kadhaa kugundua kwamba kuna CD ya kuhifadhia mafaili na kuna CD ya muziki, na kwamba redio za aina ile zinaielewa hiyo ya pili tu. Mahali pa kuchagulia palikuwa palepale kwenye programu, mbele ya macho yangu tangu mwanzo. Nilipochoma upya na redio ya jirani ikaanza kuimba, nilihisi kama ni mimi niliyeugundua umeme.

Ningeishia hapo, kazi ilikuwa imekwisha. Lakini ile programu ya kurekodia ilikuwa na vitufe vingi ambavyo sikuwa nimevijaribu.

Kaseti ilikuwa na mvumo, ule mchakacho wa kanda za zamani. Nikagundua kwamba unaweza kuionyesha kompyuta mahali penye mvumo mtupu, ukaiambia hiki sikitaki, nayo ikakitoa kote. Nikajaribu. Mvumo ukatoweka. Nilishangaa sana, mwanangu. Nikajiuliza, kama mvumo unatoka, kuku je? Kwa sababu jikoni kwa Mama Noela kulikuwa na kuku wanalia, kulikuwa na mlango unaogongwa na upepo, ungo unaopepeta, mtu anakohoa kwa nje. Kuku hawakutoka kirahisi, lakini nikajifunza kukata. Unachagua kipande, unakifuta, unaunganisha huku na huku. Kati ya wimbo na wimbo Mama Noela alikuwa anazungumza maneno mawili matatu na watu wa nyumbani. Sikuijua lugha yao, nikaona yanakatisha nyimbo. Nikayatoa. Kuna wimbo mmoja aliuacha katikati, akasema kitu, akauendeleza. Nikaunganisha vizuri mpaka usingejua kwamba aliwahi kusimama.

Nilipoona imetulia nikahifadhi kazi yangu juu ya ile faili ya kwanza, ya kwanza ikafutika, na zile CD za mwanzo zenye mvumo nikazivunja nikazitupa. Siku hiyohiyo nikairudisha kaseti nyuma kwa redio yetu ili nimpe mwenyewe ikiwa tayari kuanza, na kanda ikakatika. Niliona ncha yake imejikunja ndani ya kile kidirisha. Nilisikitika kidogo, halafu nikajiambia haidhuru, sauti si ninayo kwenye kompyuta, tena safi kuliko ilivyokuwa.

Mzee Gervas aliporudi kutoka shambani, mimi na mama tulimpelekea CD nyumbani kwake. Redio mpya ilikuwa imewekwa juu ya meza, imefunikwa kitambaa alichokuwa amekishona marehemu mwenyewe. Akatukaribisha, akatuletea viti, akakaa. Nikaiweka CD, nikabonyeza.

Sauti ikatoka kama ya mwimbaji wa studio. Mama yangu akatikisa kichwa kwa kupendezwa. Mimi nilikuwa namwangalia Mzee Gervas nione atakavyofurahi.

Alisikiliza wimbo wa kwanza mpaka mwisho, na wa pili. Kwenye wa tatu akainua kiganja kidogo, kama mtu anayengoja kitu kipite. Hakikupita. Akaushusha mkono. Nyimbo zilipokwisha akanigeukia.

"Imetoka safi sana," akasema.

"Asante, mzee."

"Huyu anaimbia wapi?"

Sikumwelewa. Nikamwambia ni yeye Mama Noela, ni kaseti ileile.

"Sauti ni yake, nimeisikia. Nauliza yuko wapi. Pale alikuwa jikoni kwetu Usevya, anapepeta mchele. Mimi nilikuwa mlangoni. Sasa hapa simwoni yuko wapi. Ni kama mmemtoa nyumbani mkamweka kwenye chumba kitupu."

Nikamweleza kwamba nilitoa kelele, kuku na mlango na mengine, ili nyimbo zisikike. Nilieleza kwa bidii, mwanangu, nikadhani akijua jinsi nilivyofanya atafurahi kama mimi. Alinisikiliza mpaka mwisho, hakunikatisha.

Kisha akasema, "Na kwenye ule wimbo wa tatu kuna mahali ananiuliza jambo. Mimi nikiisikiliza kaseti huwa nangoja pale. Umepapeleka wapi?"

"Nilipakata, mzee. Palikuwa panakatisha wimbo."

Mama yangu alinitupia jicho. Mzee Gervas hakupandisha sauti. Alisema hivi, na nayakumbuka maneno yake kwa sababu aliyasema polepole, akiyachagua.

"Anasta, wewe ni binti mwenye akili. Naona umeiuliza hiyo mashine kila kitu inachoweza kufanya, nayo imekujibu. Hilo ni jema. Lakini kaseti haikuwa yako, na mwenye kaseti alikuwa hai, yuko Usevya tu hapo. Ungeningoja ukaniuliza, mzee, wewe ukisikiliza unasikiliza nini? Hukuniuliza. Ungeniuliza ningekwambia."

Halafu akauliza jambo ambalo ndilo nililokuwa naliogopa. "Lakini kaseti si ipo?"

Ikabidi nimwambie kwamba imekatika.

Nilimwona akishika magoti yake. Mama yangu ndiye aliyezungumza. "Baba Noela, naomba utupe siku mbili. Imekatika, haijaungua. Kitu kilichokatika kina ncha mbili, tutazitafuta."

Njiani kurudi mama hakunigombeza, na hilo lilinisumbua zaidi kuliko kama angenigombeza. Alichouliza ni kama ile kanda ni kitambaa au ni plastiki. Tulipofika akasafisha meza yake ya kushonea, akatandika shuka jeupe, akanifungulisha zile skrubu ndogo za kaseti kwa ncha ya kisu. Ndani yake sikuwahi kuona. Magurudumu mawili, utepe mwembamba wa kahawia, na kipande kidogo cha sponji kinachousukuma. Ncha moja ilikuwa imekunjamana. Mama akaikata hiyo sehemu iliyoharibika kwa wembe, padogo sana, akazikutanisha ncha mbili juu ya rula, akabandika selotepu upande wa nyuma, akapunguza pembeni kwa mkasi wake wa kukatia nyuzi. Mimi nilimshikia rula tu.

"Hii itapita mara ngapi?" nikamuuliza.

"Sijui. Fanya kama itapita mara moja."

Siku ya kurekodi tulimwita Mzee Gervas aje akae nasi. Hilo lilikuwa wazo la mama. Alikuja amevaa shati lake la kanisani. Umeme wa Mpanda wakati ule ulikuwa wa kubahatisha, unakuja na kuondoka bila kuaga, kwa hiyo niliweka betri kwenye redio ili angalau kanda isisimame ghafla, na kompyuta tukaiombea.

Nikabonyeza. Kwanza mvumo. Halafu kuku. Mzee Gervas akasogeza kiti.

"Huyo ni yule jogoo mwekundu," akasema taratibu. "Tulikuja kumchinja Krismasi."

Akawa ananitajia kila kitu kinachopita. Huo mlango ulikuwa wa mabati, bawaba moja ilikuwa imelegea, na mkewe alikuwa akimkumbusha kila siku aitengeneze. Anayekohoa ni yeye mwenyewe. Huyo mtoto anayelia ni wa jirani, sasa yuko shule. Na mimi nikajikuta nauliza. Wimbo huu unasema nini? Kwa nini anaurudia mstari huu? Akanieleza kwamba ni wimbo wa kuwacheka ndege waliochelewa kufika shambani wakakuta mpunga umekwisha kuvunwa, na kwamba Mama Noela alikuwa akibadilisha jina la ndege akaweka la mtu yeyote mvivu aliyekuwa karibu. Mara nyingi lilikuwa la mumewe. Nilikuwa nimezisikiliza nyimbo zile zaidi ya mtu yeyote, na sikujua hata moja inasema nini.

Selotepu ya mama ikapita kwenye redio kwa mlio mdogo, kama mtu amemeza mate. Kanda ikaendelea. Sote watatu tukapumua.

Kisha ukaja wimbo wa tatu. Mama Noela akaimba, ungo ukipepeta, halafu ungo ukasimama na yeye akasimama. Akasema maneno machache kwa Kipimbwe, ya kawaida, kwa sauti ya mtu anayezungumza na mtu aliye karibu naye.

Mzee Gervas akajibu. Alijibu palepale sebuleni kwetu, kwa Kipimbwe, neno moja tu, bila kuangalia mtu. Ungo ukaanza tena na wimbo ukaendelea.

Kanda ilipofika mwisho nikahifadhi faili mahali pawili, mwanangu, nikakagua na kukagua tena. Ndipo nikamuuliza, "Mzee, pale alisema nini?"

"Aliniuliza kama nimeshakula."

"Na wewe ukamwambiaje?"

"Nimekula." Akaitazama redio. "Siku ile Noela anarekodi sikumjibu. Nilikuwa nimenuna kwa sababu ya kitu fulani cha shambani, hata sikikumbuki. Sasa huwa namjibu."

Mama yangu akainuka akaenda kuangalia chai ambayo haikuwa jikoni bado.

Tulianza kuchoma CD mchana uleule. Ile ya kwanza umeme ulikatika ikiwa katikati, ikaharibika, na Mzee Gervas akaichukua akaigeuza juani dirishani, akitafuta jeraha. Hapo udadisi wake ukatoka wote. Aliuliza sauti inakaa upande gani. Nikamwonyesha kwamba mwanga unaanza kuandika karibu na tundu la katikati, unakwenda ukizunguka kuelekea nje, na ukiangalia vizuri unaona rangi inapobadilika, hapa pameandikwa na hapa hapajaandikwa. Akaona. Akacheka kwa mara ya kwanza tangu nimpe habari ya kaseti kukatika. Umeme uliporudi tukachoma nyingine, bila kukata kitu, na kuku na mlango na mvumo wake. Hiyo ikakamilika.

Alipoichukua aliniuliza wimbo wa tatu uko wapi kwenye sahani. Nikamwonyesha kwa kukadiria, bila kuigusa. Akaitikia kwa kichwa, akaifunga kwenye leso.

Baadaye majirani walisikia, wakaanza kuniletea kaseti zao. Kwaya iliyovunjika, mahubiri ya padri aliyehama, harusi ya mtu. Kila mmoja nilimkalisha kwanza, nikamuuliza anataka kusikia nini. Majibu yalikuwa ya ajabu. Kuna mama mmoja hakujali nyimbo za harusi yake kabisa, alimtaka mtu mmoja tu aliyepiga kigelegele nyuma, dada yake. Mzee Gervas aliishi miaka mingi baada ya hapo, na CD ile ilipokwaruzika nilimchomea nyingine.

Sasa nimesikia unataka kwenda Karema, kule ziwani, kumrekodi bibi yako mzaa baba, na kwamba simu yako mpya ina uwezo wa kufuta kelele zote za nyuma ibaki sauti peke yake. Nenda, mwanangu. Nafurahi kwamba unapenda kujua vitu vinafanyaje kazi, na sitakukataza kugusa kitufe chochote, maana najua mwenyewe kukatazwa kunavyosaidia. Ila kabla hujafuta kitu cha mtu, mkalie karibu umuulize kwa nini anakithamini. Ukishajua mashine inaweza nini, hujajua bado mwenye kitu anataka nini, na hilo halimo kwenye mashine. Hifadhi ya kwanza ilivyo, kuku na mawimbi na vikombe, halafu ndiyo ufanye majaribio yako kwenye nakala. Na nyie vijana mnaopenda kila kitu kitoke safi, mjue kwamba mtu anaweza kuwapa kitu kibovu mkononi, na pale palipoharibika ndipo alipoweka moyo wake.

Mwenyezi Mungu akutangulie njia yote ya ziwani, akukutanishe na bibi yako akiwa mzima na mwenye maneno mengi, akujalie subira ya kuyasikiliza yote mpaka achoke yeye. Na akikuuliza kama umekula, usingoje. Mjibu.